Nimempa Ruhusa Zote, Mbona Bado Anakataliwa?

Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, simu iliita. Alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho nilikuwa nakitunzia hifadhidata. "Mwanangu, ripoti ya marejesho haifunguki. Na Ijumaa nimeifungua hapa hapa." Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye kioo. Akasoma pole pole, herufi kwa herufi, kama mtu anayekusomea namba za vocha:

ERROR: permission denied for table marejesho

Nilibisha, kimoyomoyo. Ruhusa zake nilizitoa mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nazikumbuka:

GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE chama TO mhasibu;
GRANT USAGE ON SCHEMA akiba TO mhasibu;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA akiba TO mhasibu;

Ona hapo, neno ALL limetokea mara mbili. Zote na yote. Sasa anakataliwaje?

Jibu lilichukua dakika kumi kulipata na miezi kadhaa kulielewa. Mwisho wa wiki ile fundi wa programu alikuwa amelifuta jedwali la marejesho na kuliunda upya, kwa sababu alitaka kugawa safu moja ziwe mbili. Jina lilibaki lilelile, data ikarudishwa yote, ila ruhusa hazikurudi. Kwenye PostgreSQL, mfumo tuliokuwa tunautumia, ruhusa haikai kwenye jina la jedwali. Inakaa kwenye jedwali lenyewe, na jedwali likifutwa inakwenda nalo. Jedwali jipya ni kama mjukuu aliyepewa jina la babu yake marehemu: mnamwita kwa jina lile, lakini hati ya shamba la babu haimsomi yeye.

Mimi nilikuwa nimetokea kwenye MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, na huko mambo ni kinyume. Ukiandika GRANT SELECT ON chama.*, ile nyota inashika majedwali ya leo na ya kesho, maana MySQL huandika ruhusa kwa majina. Hata ukilifuta jedwali, ruhusa uliyompa mtu juu yake inabaki kwenye daftari ikisubiri siku jina lile litakaporudi. Kila mfumo una ubaya wake. Ule wa MySQL humpa mtu kitu ambacho hukukusudia kumpa, na huu wa PostgreSQL humnyima kitu ulichodhani umeshampa. Kwa fedha za watu, bora huu wa pili. Angalau mwenye kunyimwa hupiga simu.

Makala hii inahusu PostgreSQL, ingawa mengi humu yatakufaa hata ukiwa kwa jirani. Nadhani tatizo la wengi wetu si kutojua amri, maana amri zenyewe ni mbili tu, GRANT ya kutoa ruhusa na REVOKE ya kuinyang'anya. Tatizo ni kwamba tunauliza "ana ruhusa au hana?" kana kwamba ni swali moja.

Milango kabla ya chumba

Mhasibu akitaka kusoma marejesho, anapita milango minne, na kila mmoja una bawabu wake asiyejua wenzake wameamua nini.

Wa kwanza uko nje kabisa ya hifadhidata, kwenye faili liitwalo pg_hba.conf. Humo mmeandikwa nani anaruhusiwa kubisha hodi, kutoka anwani gani ya mtandao, kwa hifadhidata ipi, na athibitishwe vipi. Seva husoma faili hilo kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaomhusu mgeni. Akishindwa hapo, haendelei kujaribu mstari wa chini yake. Wengi huongeza mstari mpya mwishoni mwa faili, wakaisubiri nafuu ambayo haiji kwa sababu mstari wa juu ulishamnasa mgeni wao.

Wa pili ni hifadhidata yenyewe, na ufunguo wake ni CONNECT. Wa tatu ni skima, yaani kile chumba ndani ya hifadhidata ambamo majedwali yamepangwa. Ufunguo wake unaitwa USAGE. Wa nne ndio jedwali, lenye SELECT ya kusoma, INSERT ya kuongeza mistari, UPDATE ya kuibadili, DELETE ya kuifuta, na wenzao.

Sasa angalia ile amri yangu ya kwanza, ya kutoa ruhusa zote kwenye hifadhidata. Inasikika kama umemkabidhi mtu nyumba na samani zake. Kumbe hifadhidata, kama kitu, ina ruhusa tatu tu: kuingia, kuunda skima mpya, na kuunda majedwali ya muda. Hizo ndizo "zote". Kusoma jedwali hakumo. Kwa hiyo mhasibu nilimpa haki ya kujenga vyumba vipya, jambo ambalo hakuliomba wala halimhusu, na sikumpa hata mstari mmoja wa ripoti. Amri hii nimeikuta kwenye seva nyingi kuliko nyingine yoyote, na karibu kila mara aliyeiandika alitaka kitu kingine.

Mlango wa skima una ujanja wake. Mtu asiye na USAGE akiandika jina kamili, akiba.marejesho, ataambiwa wazi kwamba kanyimwa skima. Lakini akiandika marejesho peke yake, PostgreSQL hupitia orodha ya skima za kutafutia, na zile asizoruhusiwa huzipita kimya kimya. Mwisho humwambia: relation "marejesho" does not exist. Jedwali lipo, umeliona dakika moja iliyopita kwa jina lako, na yeye anaambiwa halipo. Nimeona watu wakirudisha nakala rudufu kwa sababu ya ujumbe huo. Kabla ya kufika huko, angalia USAGE.

Kiti na mwenye kukikalia

Zamani PostgreSQL ilikuwa na watumiaji na makundi, vitu viwili tofauti. Tangu toleo la 8.1, mwaka 2005, vyote viliunganishwa kuwa kitu kimoja kiitwacho ROLE. Mimi nitakiita wadhifa. Mtumiaji ni wadhifa ulioruhusiwa kuingia, yaani wenye LOGIN, na kundi ni wadhifa usioruhusiwa. Basi. Amri ya CREATE USER bado ipo, lakini ni CREATE ROLE iliyotiliwa LOGIN kabisa.

Manufaa yake ni kwamba wadhifa mmoja unaweza kupewa mwingine. Unaunda viti kwanza:

CREATE ROLE msomaji NOLOGIN;
CREATE ROLE mwandishi NOLOGIN;
GRANT USAGE ON SCHEMA akiba TO msomaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA akiba TO msomaji;
GRANT msomaji TO mhasibu;

Mhasibu sasa anasoma kwa sababu amekalia kiti cha msomaji. Akija mkaguzi kutoka nje kwa wiki mbili, anapewa kiti hicho hicho, na wiki zikiisha ananyang'anywa kwa amri moja. Hakuna anayepewa ruhusa za jedwali kwa jina lake. Ukifuata hili peke yake, nusu ya kazi imekwisha, maana ruhusa za majedwali mia mbili utazisimamia kwenye viti vitatu au vinne badala ya kwenye majina thelathini, ambayo sita kati yao walishaacha kazi.

Kumbuka pia kwamba nyadhifa ni za seva nzima, si za hifadhidata moja. Ukiwa na seva inayobeba hifadhidata ya chama na ya shule, mtu uliyemuunda kwa ajili ya shule anajulikana kote kuwili. Hili tutalirudia, lina mwiba.

Nani mwenye mali

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Kila jedwali lina mmiliki, na kwa kawaida ni yule aliyeliunda. Mmiliki hahitaji ruhusa ya mtu. Na kuna mambo mawili ambayo hayagawiki kabisa kwa GRANT: kulibadili umbo jedwali, na kulifuta. Hakuna "GRANT DROP" wala "GRANT ALTER" kwa PostgreSQL. Anayeweza kufanya hayo ni mmiliki, au aliyekalia kiti cha mmiliki, au mtumiaji mkuu ambaye milango yote ya ndani kwake iko wazi. Mwenye skima naye anaweza kulifuta jedwali lililomo chumbani mwake, hata kama si lake.

Sasa fundi wetu aliingia kwa jina lake mwenyewe, fundi, akaunda jedwali. Likawa lake. Si la chama, wala si langu. Asubuhi ile nilitoa ruhusa ya haraka ili ripoti ifunguke, kisha nikaandika \dp kwenye psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, kuangalia hali ya jedwali. Nikaona hivi:

fundi=arwdDxt/fundi
mhasibu=r/fundi

Ukiwa huna mazoea, mistari hii inafanana na maandishi ya dawa za hospitali. Isome hivi: kabla ya alama ya usawa ni mpewa, katikati ni ruhusa zake, baada ya mkwaju ni mtoaji. Herufi r ni kusoma, a ni kuongeza mistari mipya, w ni kubadili iliyopo, d ndogo ni kufuta mistari, D kubwa ni kumwaga jedwali lote kwa TRUNCATE, x ni kulitumia kwenye ufunguo wa kigeni, yaani kiungo cha jedwali jingine kuja kwake, t ni kulifungia kichochezi, yaani kazi inayojiendesha data ikiguswa. Toleo la 17, la mwaka 2024, limeongeza m, ya kazi za usafi kama VACUUM. Nyota baada ya herufi ina maana mpewa naye anaweza kumpa mwingine. Na ukikuta hakuna jina kabla ya alama ya usawa, mfano =r/fundi, hapo wamepewa watu wote.

Kilichonishtua ni jina baada ya mkwaju. Ruhusa ya mhasibu niliitoa mimi, nikiwa nimeingia kama postgres, mtumiaji mkuu. Mbona imeandikwa imetolewa na fundi? Kwa sababu mtumiaji mkuu akitoa ruhusa juu ya mali ya mtu, PostgreSQL huiandika kana kwamba mwenyewe ndiye aliyetoa. Daftari halijali ni mkono wa nani ulioandika amri, linajali mali ni ya nani.

Dawa ni kuwa na wadhifa mmoja usioingia, ambao kazi yake ni kumiliki tu:

CREATE ROLE mmiliki NOLOGIN;
ALTER SCHEMA akiba OWNER TO mmiliki;
ALTER TABLE akiba.marejesho OWNER TO mmiliki;
GRANT mmiliki TO fundi;

Fundi akitaka kuunda au kubadili, anaandika kwanza SET ROLE mmiliki, kisha anaendelea. Akisahau, na atasahau, unaweza kumwekea hivi ili kila akiingia awe tayari amekalia kiti hicho:

ALTER ROLE fundi SET role TO mmiliki;

Na programu yenyewe, ile inayopokea miamala mchana kutwa, isiingie kama mmiliki. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni huunda mtumiaji mmoja, yakampa umiliki, yakaandika nenosiri lake kwenye faili la programu, na hapo hapo yakakuaga. Programu ikidukuliwa, mdukuzi ndiye mwenye mali.

Leo na kesho

Ile amri ya GRANT SELECT ON ALL TABLES ni picha ya mnato. Inawashika waliokuwapo fremu ilipopigwa. Jedwali litakaloundwa baada ya dakika tano halimo.

Toleo la 9.0, mwaka 2010, ndilo lililoleta amri hiyo, na likaleta pamoja nayo ndugu yake wa kushughulikia kesho:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA akiba GRANT SELECT ON TABLES TO msomaji;

Jumatatu ile niliiandika, nikamwambia mama mhasibu halitatokea tena, nikanywa chai. Wiki mbili baadaye fundi akaunda jedwali la dhamana, na simu ikaita. "Mwanangu, ni lile lile."

Kilichonipata ni hiki. Amri ile haisemi "kila jedwali litakaloundwa humu". Inasema "kila jedwali nitakaloliunda *mimi* humu". Niliiandika nikiwa postgres, na postgres haundi majedwali, anayeunda ni fundi. Ruhusa zangu za kesho zilikuwa zinasubiri mtu ambaye hatakuja. Ilitakiwa nimtaje muundaji:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mmiliki IN SCHEMA akiba
GRANT SELECT ON TABLES TO msomaji;

Na hapo kuna kona nyingine. Hata ukiwa mwanachama wa mmiliki, ukiunda jedwali kwa jina lako, ruhusa hizi za kesho hazikufuati. Uanachama haurithishi jambo hili. Ndiyo maana ule wadhifa mmoja wa kumiliki, na ile SET role, si mapambo. Vikikosekana, itakubidi uandike ruhusa za kesho kwa kila fundi mmoja mmoja, na fundi mpya akiajiriwa utasahau. Ukitaka kuona ulichoahidi mpaka sasa, andika \ddp. Kwangu mimi siku hiyo ilionesha mstari mmoja wenye jina la postgres, na nikaelewa yote kwa mtazamo mmoja.

Wakati uko hapo, wape na vitoa namba, vinavyoitwa sequence. Jedwali ambalo namba zake za mistari zimetengenezwa kwa serial huwa na kitoa namba pembeni, kitu kinachojitegemea chenye ruhusa zake. Ukimpa mwandishi INSERT kwenye jedwali bila USAGE kwenye kitoa namba, ataambiwa permission denied for sequence, naye atakuapia kwamba hakugusa sequence yoyote. Safu za aina ya IDENTITY, zilizoingia na toleo la 10 mwaka 2017, hazina usumbufu huo. Ukianza mradi mpya leo, tumia hizo.

Mtu anayeitwa "wote"

Kuna mpewa mmoja ambaye hakuumbwa na mtu: PUBLIC. Si mtumiaji wala kundi; ni kila wadhifa uliopo na utakaokuja. Na PostgreSQL, bila kukuuliza, humpa vitu. Hifadhidata mpya ikizaliwa, PUBLIC ana CONNECT na haki ya majedwali ya muda. Funksheni mpya ikizaliwa, PUBLIC ana haki ya kuiendesha.

Huu ndio ule mwiba. Nyadhifa ni za seva nzima, na CONNECT ni ya wote, kwa hiyo yule karani wa shule, kama pg_hba.conf imemruhusu kwa neno all, anaingia kwenye hifadhidata ya chama. Majedwali hatayasoma, lakini majina yake atayaona, na safu zake, na hata maandishi ya funksheni zako. Wewe ukiligundua utaandika kwa hasira:

REVOKE CONNECT ON DATABASE chama FROM karani;

PostgreSQL itakujibu REVOKE, kwa adabu, na karani ataendelea kuingia. Hukumnyang'anya kitu kwa sababu yeye kwa jina lake hakuwa na kitu. Anaingia kwa mgongo wa PUBLIC. PostgreSQL haina amri ya kumkataza mtu mmoja kile ambacho wote wanacho. SQL Server, mfumo wa Microsoft, wanayo, wanaiita DENY. Hapa ruhusa ni za kujumlisha tu: ukiwa nayo kwa njia yoyote, unayo. Kwa hiyo unaanza kwa kuwanyang'anya wote, kisha unawapa unaowataka:

REVOKE ALL ON DATABASE chama FROM PUBLIC;
GRANT CONNECT ON DATABASE chama TO msomaji, mwandishi, mmiliki;

Kwa miaka mingi PUBLIC alikuwa na kubwa zaidi: haki ya kuunda vitu kwenye skima iitwayo public, ambamo wengi wetu huweka kila kitu. Mtu wa kusoma tu aliweza kutega funksheni yenye jina linalofanana na lile ambalo mtumiaji mkuu angeliita, akamngoja. Tatizo hilo liliingizwa kwenye orodha ya udhaifu wa programu unaojulikana kwa namba CVE-2018-1058. Toleo la 15, Oktoba 2022, ndilo lililofunga mlango huo kwa hifadhidata mpya. Angalizo kwenye neno "mpya": hifadhidata yako ya zamani uliyoipandisha toleo imekuja na ruhusa zake za zamani. Na waliohamia 15 kwa kuanza upya wakakutana na permission denied for schema public, wengi wao walijitibu kwa kurudisha haki ile kwa wote, yaani waling'oa kufuli kwa sababu ufunguo ulikuwa umepotea.

Kunyang'anya nako kuna hesabu yake, na ni ya zamani. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade wa IBM, waliokuwa kwenye System R, mradi wa utafiti wa hifadhidata kule San Jose, waliandika namna ya kulifanya jambo hili: ukimpa mtu ruhusa na haki ya kuigawa, naye akampa mwingine, siku ukimnyang'anya wa kwanza, wa pili aliyeipata kwake abaki nayo au aipoteze? Jibu lao lilikuwa aipoteze, isipokuwa kama kuna mtu mwingine aliyempa kwa njia nyingine. PostgreSQL inafuata mkondo huo ila kwa uoga kidogo: REVOKE itakataa kabisa endapo kuna waliopewa chini yake, mpaka uandike CASCADE. Mimi sipendi haki ya kugawa ruhusa na sijawahi kuhitaji kuitoa. Nyadhifa zinatosha.

Nani aone nini ndani ya jedwali

Wahasibu wanalijua jambo moja kuliko sisi: muamala ukikosewa haufutwi, unasahihishwa kwa muamala wa kinyume. Basi mfundishe na PostgreSQL. Kwenye jedwali la miamala, mwandishi apewe SELECT na INSERT tu, ile \dp ioneshe mwandishi=ar. Hakuna w, hakuna d. Hata programu ikiwa na kasoro, historia ya fedha haifutiki kwa mkono wake. Sijui kwa nini hili halifanywi kila mahali. Ni amri moja.

Kuhusu safu, unaweza kumruhusu mtu baadhi tu:

GRANT SELECT (namba, jina, tawi) ON akiba.wanachama TO karani_chama;

Namba za simu na za vitambulisho zinabaki gizani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo suala la nani anaona namba ya simu ya mwanachama limetoka kwenye ustaarabu limeingia kwenye sheria. Ila usianze kwa kumpa jedwali zima kisha ukamnyang'anya safu moja. PostgreSQL itajibu REVOKE, na safu ataendelea kuiona, kwa sababu ruhusa ya jedwali inafunika. Na ripoti iliyoandikwa kwa SELECT * itakataliwa yote, hata kama safu iliyofichwa ni moja. Mara nyingi nimeona afadhali kumtengenezea mwonekano (VIEW), yaani dirisha la kutazamia jedwali, wenye safu anazohitaji, ukampa huo bila kumpa jedwali. Mwonekano husoma jedwali kwa ruhusa za mmiliki wake, si za anayeutazama. Toleo la 15 liliongeza security_invoker kwa anayetaka kinyume.

Na kuhusu mistari, tangu toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, unaweza kuweka sera, yaani kanuni ya nani aone mistari ipi. Kwa mfano, kila afisa mikopo awaone wakopaji wake tu:

ALTER TABLE akiba.mikopo ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY wakopaji_wake ON akiba.mikopo USING (afisa = current_user);

Ukiwasha ulinzi huu bila sera yoyote, hakuna kosa litakalotokea. Watu wataona tu jedwali tupu, na utapigiwa simu kwamba mikopo yote imeibiwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sera hazimgusi mmiliki wa jedwali, mpaka uongeze FORCE ROW LEVEL SECURITY, wala hazimgusi kabisa mtumiaji mkuu. Wale ambao programu yao inaingia kama mmiliki huandika sera nzuri, wakazijaribu, wakaona mistari yote, wakadhani zimeandikwa vibaya. Zimeandikwa vizuri. Aliyeingia ndiye mwenye nyumba.

Kumuaga fundi

Mwisho wa mwaka fundi alipata kazi kwingine, akaaga vizuri. Nikaandika DROP ROLE fundi. PostgreSQL ikakataa: kuna vitu vinavyomtegemea. Majedwali aliyoyaunda kwa jina lake kabla hatujaweka ule wadhifa wa kumiliki, ruhusa alizopewa huku na kule, na vyote hivyo vilikuwa kwenye hifadhidata mbili tofauti.

Nilianza na kumzuia kuingia, ALTER ROLE fundi NOLOGIN, ambayo haimtoi aliyeko ndani tayari, kwa hiyo nikafunga na muunganisho wake mmoja uliokuwa bado wazi, kwa pg_terminate_backend. Kisha, ndani ya kila hifadhidata, kwa mpangilio huu huu:

REASSIGN OWNED BY fundi TO mmiliki;
DROP OWNED BY fundi;

Amri ya kwanza huhamisha mali, ya pili hufuta ruhusa zilizobaki. Ukizigeuza, ya pili itafuta majedwali yenyewe, na data zake. Nilichukua nakala rudufu kwanza, nikasoma mistari ile miwili kwa sauti, nikaiandika kwenye hifadhidata ya kwanza, nikahamia ya pili. Halafu nikarudia:

DROP ROLE fundi;

Safari hii ikakubali. Nikampigia mama mhasibu nikamwomba afungue ripoti ya marejesho. Ilifunguka.